Mchezaji Anapohama Chuo: Nani Anamdai Nani Uaminifu?

Msimu wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani humalizika mapema mwezi Aprili, na jasho la fainali huwa halijakauka wakati majina ya wachezaji wanaotaka kuhama yanapoanza kumiminika katika orodha ya kielektroniki inayojulikana kama lango la uhamisho. Msomaji aliyezoea dirisha la usajili la soka huenda asilione jambo hili kuwa geni, lakini anayehama hapa ni mwanafunzi, na pamoja na jezi anahamisha masomo yake, ufadhili wake na, ikiwa ametoka nje ya Marekani, uhalali wake wa kuishi nchini humo. Wazazi wa Afrika Mashariki ambao vijana wao wamepata nafasi katika vyuo hivyo hutuuliza mara kwa mara kama kuhama ni utovu wa shukrani kwa chuo kilichomchukua kijana akiwa hajulikani. Swali hilo ni la haki, ila haliwezi kujibiwa kabla ya kujua nani alimwahidi nani kitu gani.

Kwa miaka mingi chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilimtaka mchezaji wa kikapu anayehama akae nje ya mashindano kwa mwaka mzima katika chuo kipya. Chuo cha zamani nacho kiliweza kumnyima ruhusa ya kuzungumza na vyuo fulani, hasa vya wapinzani wake. Sababu iliyotolewa ilikuwa kumpa mwanafunzi muda wa kuzoea masomo mapya. Hata hivyo, sharti hilo liliwabana wachezaji wa michezo michache tu, ikiwemo kikapu na mpira wa miguu wa Kimarekani, huku waogeleaji na wacheza tenisi wakiruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo. Ni vigumu kuamini kwamba mcheza kikapu huchukua muda mrefu kuizoea maktaba mpya kuliko mwogeleaji.

Lango la uhamisho lilifunguliwa tarehe 15 Oktoba 2018, na likabadilisha kuomba ruhusa kuwa kutoa taarifa. Mchezaji huiarifu ofisi ya chuo inayosimamia kanuni za michezo, ofisi hiyo inatakiwa kuliingiza jina lake ndani ya siku mbili za kazi, na kuanzia hapo kocha yeyote anaweza kumtafuta. Aprili 2021 NCAA iliruhusu wachezaji wa michezo yote kuhama mara moja bila kukaa nje. Desemba 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho huko West Virginia alizuia kwa muda adhabu iliyokuwa ikiwakabili waliohama zaidi ya mara moja, katika kesi iliyofunguliwa na majimbo saba, na kufikia Aprili 2024 chama kilikuwa kimeondoa kikomo chenyewe, mradi mchezaji awe na maendeleo mazuri kimasomo. Kilichobanwa badala yake ni muda wa kutoa taarifa: kwa kikapu, kutoka siku 60 ukapunguzwa hadi 45, kisha 30, na mwaka 2026 hadi 15.

Fedha ziliingia katika kipindi hichohicho. Tangu tarehe 1 Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina, picha na umaarufu wao, na baada ya makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia wanamichezo mapato, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, kiasi kinachogawanywa kwa michezo yote. Ndipo maneno kama mamluki na msaliti yalipozoeleka midomoni mwa mashabiki. Shabiki anayelipia tiketi kwa miaka ishirini na kuikuta timu yake ikiwa na sura ngeni kila Novemba ana huzuni ya kweli, wala si vyema kumdhihaki. Lakini huzuni yake haitoshi kuwa hoja ya kumfunga kijana wa miaka ishirini mahali asipotaka kuwa.

Hoja ya uaminifu hudhoofika mara tu mtu anaposoma barua ya ufadhili. Mwaka 1973 NCAA ilivizuia vyuo kutoa ufadhili wa michezo wa miaka minne, ukawa wa mwaka mmoja mmoja, wa kuongezwa au kutoongezwa. Vyuo viliruhusiwa tena kuahidi zaidi ya mwaka kuanzia msimu wa 2012. Kwa takriban miaka arobaini, basi, chuo kilimwahidi mchezaji mwaka mmoja tu wa masomo kwa wakati, huku yeye akitarajiwa kukipa ujana wake wote. Hata leo, penye ahadi ya miaka mingi, kocha aliyepata mchezaji bora zaidi ana njia nyingi za kumwonyesha wa zamani mlango, na ya kawaida kuliko zote ni kumwita ofisini mwishoni mwa msimu na kumweleza kwa upole kwamba mwakani hatapata dakika za kucheza.

Makocha nao hawajawahi kukaa nje mwaka mmoja kwa sababu ya kuhama. Aprili 2024 John Calipari aliondoka Kentucky baada ya misimu kumi na mitano akaenda Arkansas, vyuo ambavyo vinakutana katika ligi moja, na baadhi ya wachezaji wake wakamfuata. Mark Pope, aliyechukua nafasi yake, alilazimika kuijenga timu karibu yote upya kwa wachezaji kutoka vyuo vingine, na bado ikafika kumi na sita bora ya mashindano ya ubingwa wa taifa mwaka 2025. Pope mwenyewe alipokuwa mchezaji alianzia chuo cha Washington kabla ya kuhamia Kentucky, akawa mmoja wa manahodha wa timu iliyotwaa ubingwa mwaka 1996, na sijasikia shabiki wa Kentucky akimwita msaliti kwa hilo.

Mfano unaoeleza mambo haya vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Saint Peter's, chuo kidogo cha Kikatoliki katika Jersey City. Machi 2022, katika mashindano ya ubingwa wa taifa, timu yake, iliyopangwa nafasi ya 15 kati ya 16 katika kanda yake, iliitoa Kentucky kwa 85–79 katika muda wa nyongeza, ikazitoa Murray State na Purdue, na kuwa timu ya kwanza ya nafasi hiyo kufika nane bora.  Siku chache baada ya kutolewa, kocha Shaheen Holloway alitangazwa kuwa kocha wa Seton Hall, chuo alichosoma na kukichezea yeye mwenyewe, na karibu kila mtu aliona jambo hilo kuwa halali kabisa: amefanya kazi nzuri, amepata kazi kubwa zaidi, anarudi nyumbani. Wiki zilizofuata wachezaji nao walitawanyika. KC Ndefo alimfuata kocha wake Seton Hall, Doug Edert akaenda Bryant, wengine wakaenda kwingine, na msimu uliofuata timu iliyoitingisha Marekani ilikuwa haipo tena. Hapo ndipo watu walipokumbuka neno uaminifu. Sioni kwa kanuni gani kupanda cheo kunakuwa fadhila kwa mtu mzima mwenye mshahara na kunakuwa dosari kwa mwanafunzi.

Hata hivyo, haifai kudhani kwamba uhuru huu hauna anayeumia. Chuo kama Saint Peter's kinageuka kitalu cha miche: kinamchukua kijana asiyetakiwa na wakubwa, kinamfundisha kwa misimu miwili, na anapoanza kuzaa anang'olewa. Fainali ya 2025 huko San Antonio, ambapo Florida iliifunga Houston 65–63, inaonyesha ramani hiyo. Walter Clayton Jr., aliyetajwa kuwa mchezaji bora wa hatua za mwisho, alikuwa ametoka Iona. Alijah Martin alikuwa ametoka Florida Atlantic, aliyoifikisha nne bora mwaka 2023. Na upande wa Houston, L.J. Cryer alikuwa tayari ameonja ubingwa akiwa na Baylor mwaka 2021. Lakini tazama nani alitangulia kuondoka. Kocha wa Iona, Rick Pitino, alikwenda St. John's mwaka 2023 na Clayton akahama mwaka huohuo. Kocha wa Florida Atlantic, Dusty May, alikwenda Michigan mwaka 2024 na Martin akahama mwaka huohuo.

Kinachostahili kukemewa kwa sauti zaidi ni ushawishi wa chini kwa chini. Kanuni zinamkataza kocha kuzungumza na mchezaji wa chuo kingine kabla jina lake halijaingia katika orodha, lakini ujumbe hupitia kwa kocha wa zamani wa sekondari, kwa mjomba, au kwa mtu anayejiita wakala bila kusajiliwa popote, na mara nyingi huanza msimu ungali unaendelea. Mchezaji anayecheza Februari huku akijua ameshaahidiwa nafasi kwingine anawakosea wenzake wa chumba cha kubadilishia nguo, na hilo naliona kuwa deni halisi la uaminifu. Deni hilo humalizika msimu unapokwisha.

Wapo pia wanaobaki, na kubaki kunaweza kulipa. Zach Edey alikaa Purdue miaka minne. Mwaka 2023 timu yake ilitolewa na Fairleigh Dickinson, iliyopangwa nafasi ya 16, aibu ambayo ingeweza kumkimbiza mtu yeyote. Mwaka uliofuata ilifika fainali, ikafungwa na Connecticut 75–60, naye akawa mchezaji bora wa taifa kwa mara ya pili mfululizo. Connecticut hiyohiyo ndiyo iliyomlea Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam kuanzia 2006 hadi 2009. Alifika akiwa bado anajifunza mchezo, akakaa misimu mitatu chini ya kocha mmoja, timu ikafika nne bora mwaka 2009, na Juni mwaka huo akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA. Mchezaji mrefu anayehitaji muda wa kukomaa hupata faida kubwa kwa kutulia.

Kwa upande mwingine yupo Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi. Alianza West Virginia mwaka 2019, akaondoka katikati ya msimu wake wa pili, na Januari 2021 akajiunga na Kentucky. Maneno aliyoambiwa wakati huo hayakuwa matamu, maana anayeondoka katikati ya msimu huwaacha wenzake kabla lile deni la uaminifu nililolitaja hapo juu halijamalizika. Msimu wa 2021–22 alipata wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mchezo, akatajwa mchezaji bora wa taifa, na katika kichapo kile cha Saint Peter's alifunga pointi 30. Kisha akafanya jambo ambalo washindi wa tuzo hiyo hawakuwa wamelifanya kwa zaidi ya miaka kumi: alirudi chuoni kwa msimu mwingine. Mchezaji yuleyule aliitwa mkosa uaminifu na mfano wa uaminifu ndani ya miezi kumi na sita. Mwaka 2023 hakuchaguliwa katika uteuzi wa NBA, akaingia kwa mkataba wa muda wa kuchezea Indiana Pacers na timu yake ya daraja la chini. Tuzo ya taifa haikumhakikishia ajira, jambo ambalo mzazi anayesikia ahadi za mawakala anapaswa kulipa uzito.

Ndiyo maana ushauri wetu huanzia kwenye shahada. Ili aendelee kuruhusiwa kucheza, mchezaji anatakiwa awe amekamilisha asilimia 40 ya masharti ya shahada yake mwishoni mwa mwaka wa pili, asilimia 60 mwishoni mwa wa tatu na 80 mwishoni mwa wa nne. Kila uhamisho unahatarisha hesabu hiyo, kwa sababu chuo kipya ndicho kinachoamua ni krediti zipi za zamani, yaani vipimo vya masomo aliyokwisha kufaulu, zinazotambuliwa na katika fani gani. Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba wanafunzi wa kawaida waliohama hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Wapo wachezaji wanaobadilisha fani kutoka uhandisi hadi masomo ya jumla, si kwa kupenda, bali kwa kuwa ndiyo fani pekee inayozipokea krediti zao za kutosha kuwaruhusu kucheza. Barua ya tathmini ya krediti iombwe kwa maandishi kabla ya kukubali nafasi, na isomwe na mtu asiye kocha.

Jambo la pili ni kwamba jina likishaingia katika orodha, chuo cha sasa kinaweza kukata ufadhili mwishoni mwa muhula huo, wala hakilazimiki kumrudisha mchezaji akibadili nia. Kila mwaka wapo wanaobaki bila timu. Mikataba mipya ya kugawana mapato nayo mara nyingine ina kipengele cha fidia kwa anayeondoka mapema, kwa hiyo isomwe na mwanasheria.

Kwa kijana anayetoka kwetu mambo ni mazito zaidi. Viza ya mwanafunzi ya F-1 inamtaka asome muda wote, kwa kawaida krediti zisizopungua 12 kwa muhula, na inabana sana kazi za malipo. Hata Tshiebwe, pamoja na umaarufu wake, iliripotiwa kwamba alitumia ziara ya timu huko Bahamas, Agosti 2022, kufanya shughuli za kibiashara ambazo hangeweza kuzifanya ndani ya Marekani. Mwanafunzi wa F-1 anapohama, rekodi yake katika SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, huachiliwa na mshauri wa wanafunzi wa kigeni wa chuo cha zamani katika tarehe waliyokubaliana, na ndipo chuo kipya kinaweza kumpa fomu mpya ya I-20, hati ya chuo inayothibitisha kuwa ana haki ya kuwa mwanafunzi wa F-1. Kabla ya tarehe hiyo mwanafunzi anaweza kufuta uhamisho. Ikishapita, rekodi iko mikononi mwa chuo kipya na cha zamani hakiwezi kuirudisha. Basi tarehe hiyo isipangwe mpaka barua ya ufadhili ya chuo kipya iwe imesainiwa na tathmini ya krediti iko mkononi.