Fedha za Ukoo wa Duke Zina Hati Yake: Ufafanuzi kwa Waombaji wa Masomo

Kila inapokaribia Novemba, dawati letu la ushauri wa masomo ya nje hupokea barua zilizoandikwa kwa unyenyekevu mkubwa, ambazo wazazi na vijana hutuomba tuzifikishe kwa "Familia ya Duke" huko Durham, katika jimbo la North Carolina, ili ukoo huo tajiri uwasaidie karo. Hatuna shaka na nia ya waandishi, na jina lenyewe si geni kwetu, hasa kwa wakazi wa Moshi wanaolikuta katika shughuli za utafiti zinazoendeshwa pamoja na Hospitali ya KCMC. Hata hivyo barua hizo hazina pa kupelekwa, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Duke (Duke University) si mali ya familia wala ufadhili wake hauamuliwi na familia.

Utajiri wenyewe ulitokana na tumbaku. Washington Duke alikuwa mkulima aliyeanza upya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865, na mwanawe James Buchanan ndiye aliyethubutu kutumia mashine ya Bonsack, iliyotoa takriban sigara 120,000 kwa siku, kazi iliyohitaji makumi ya wasokotaji wa mkono. Kampuni yake ya American Tobacco, iliyoundwa mwaka 1890, ilihodhi soko la sigara la Marekani hadi Mahakama ya Juu ilipoamuru ivunjwe mwaka 1911, na kufikia wakati huo alikwisha kuingia katika biashara ya umeme wa maji. Sanamu yake iliyo mbele ya kanisa la chuo ina sigara nene mkononi, ilhali eneo zima la chuo limepigwa marufuku ya uvutaji tangu 2020.

Chuo kilikuwapo kabla ya jina hilo. Kiliitwa Trinity, kikahamia Durham mwaka 1892 kwa msaada wa dola 85,000 za Washington Duke, ambaye mwaka 1896 aliongeza dola 100,000 kwa sharti kwamba wanawake wapokelewe sawasawa na wanaume. Tarehe 11 Desemba 1924 James alitia saini hati ya amana ya dola milioni 40, na Trinity ikawa Duke University.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na tumeshaeleza mara nyingi. Aliyetia saini hati hiyo alizitoa fedha mikononi mwake na kuwakabidhi wadhamini, wanaolazimika kuisoma kwa sauti angalau mara moja kila mwaka. Hati inagawa mapato kwa asilimia: 32 kwa Duke University, 32 kwa hospitali za majimbo mawili ya Carolina, 10 kwa yatima, 5 kwa chuo cha Davidson, 5 kwa chuo cha Furman, 4 kwa chuo cha watu weusi ambacho sasa ni Johnson C. Smith, na 12 zilizobaki kwa makanisa ya Kimethodisti ya vijijini na wahubiri wastaafu. (Duke yenyewe haikupokea mwanafunzi mweusi wa shahada ya kwanza hadi 1963.) Amana hiyo, The Duke Endowment, ina ofisi yake Charlotte, ni chombo tofauti na chuo, na haitoi fedha kwa mtu binafsi. Kuiandikia ni kupoteza stempu.

Msaada wa karo huombwa chuoni, wakati uleule wa kuomba nafasi, mwanzoni mwa Novemba kwa wanaojifunga kukubali chuo hicho pekee, au mwanzoni mwa Januari kwa wengine. Mwombaji asiye raia wa Marekani hutakiwa kutamka ndani ya fomu kwamba anahitaji msaada, kisha ajaze fomu ya hali ya kifedha iitwayo CSS Profile, akionyesha mapato ya wazazi wote, yakiwamo ya shamba na biashara ndogo. Uhitaji wake huzingatiwa katika uamuzi wa kumpokea, jambo linalowafanya baadhi waufiche wakitumaini kuomba baadaye. Asiyeomba mwanzoni hatafikiriwa tena kwa miaka yote minne, na hakuna rufaa tunayoweza kumwandikia.

Anayeghushi taarifa ya benki anaweza kunyang'anywa nafasi hata akiwa ameshaanza masomo. Akiipeleka taarifa hiyohiyo ubalozini na ikabainika kwamba alidanganya kwa makusudi ili apate viza, sheria ya uhamiaji ya Marekani inaweza kumzuia kuingia nchini humo maisha yake yote, hata kama aliyeiandaa ni wakala na yeye alitia saini tu akijua si ya kweli. Barua zilizoko mezani kwetu zitarudishwa kwa wenyewe pamoja na nakala ya maelezo haya.