Saa Inaposema 172: Elimu kwa Wanaofanya Mazoezi na Saa Janja

Kila ifikapo Januari, vikundi vya joging vinapoanza kujinoa kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon, dirisha la mapokezi la kitengo chetu cha vipimo vya moyo hupata wageni wa namna moja. Hawana barua ya rufaa na hawaumwi. Wana simu mkononi, na ndani ya simu kuna grafu iliyotoka kwenye saa janja: mapigo 172, mapigo 185, mstari mwekundu na neno la onyo. Wengine wameshaacha mazoezi wiki mbili kwa hofu. Wachache wameshaanza kumeza dawa ya presha waliyoazima kwa shemeji. Mwaka huu wamekuwa wengi kiasi cha kuwachelewesha wagonjwa wenye miadi, ndiyo maana tumeombwa kuandika haya.

Kitengo hakizipingi saa hizi. Mtu aliyekuwa hatembei hata kwenda dukani, leo anavuka Daraja la Tanzanite alfajiri kwa sababu saa inamhesabia hatua. Kwetu hiyo ni faida kubwa. Tena ukiwa umekaa kitako au umelala, saa nzuri iliyofungwa vizuri husoma mapigo kwa ukaribu unaoridhisha. Shida huanza mkono unapoanza kutikisika.

Kwamba moyo una umeme wake na kwamba ECG, kile kipimo cha moyo cha vibandiko, husoma umeme huo, hilo linajulikana. Saa ya mkononi inapokufuatilia ukikimbia haisomi umeme. Geuza yako uangalie mgongoni: kuna vitaa vidogo vya kijani vinavyomulika ngozi, na pembeni yake kijicho kinachopokea mwanga unaorudi. Wekundu wa damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo ukisukuma, damu huongezeka kwenye vimishipa vya ngozi na mwanga unaorudi hupungua. Moyo ukipumzika, mwanga huongezeka. Saa huhesabu hilo wimbi la kupungua na kuongezeka. Kwa hiyo namba unayoiona ni makisio yanayotokana na mwanga, na chochote kinachoutikisa mwanga huo kinaitikisa namba.

Katika mafunzo ya wauguzi wapya huwa tunaifunga saa kwenye ndizi mbivu. Inakaa kimya kidogo, kisha kioo kinaandika 71, mara 84. Programu imeundwa itafute wimbi linalojirudia kwenye mwanga, na isipoliona vizuri huokota linalokaribiana nalo. Wanaodhani kwamba saa isiyojua itanyamaza wanakosea. Zipo zinazonyamaza, lakini nyingi huandika namba.

Sasa ukikimbia, ni kitu gani mwilini mwako kinajirudia kwa mpangilio kuliko vyote? Hatua zako. Kila unapokanyaga, mkono unarushwa, saa inaruka kidogo juu ya ngozi, na damu yenyewe inayumba ndani ya vimishipa. Mkimbiaji wa kawaida hukanyaga kati ya mara 150 na 180 kwa dakika, na hapo ndipo mapigo ya mtu anayejituma yanapoweza kufika. Saa ina kihisi cha mwendo kinachosaidia kuitoa hesabu ya hatua isichanganyike na mapigo, lakini mawimbi mawili yakikaribiana, programu hushika lisilo lake na kuling'ang'ania.

Tuliliona hilo chumbani mwetu kwa dada mmoja mwenye umri wa miaka 34, aliyekuja na barua ya rufaa iliyoandikwa "mapigo ya kasi wakati wa mazoezi". Tulimbandika vibandiko vyote 10 vya ECG, tukamwachia na saa yake, tukamweka kwenye mashine ya kukimbilia kwa mwendo mwepesi, ule ambao mtu bado anaongea. Dakika ya nne saa ikaandika 172. Yeye mwenyewe akaiangalia akaanza kupumua kwa wasiwasi. Kwenye skrini yetu moyo ulikuwa unapiga 131, kila pigo limesimama mahali pake. Mwenzangu alikuwa ameinama akiutazama mguu wa kulia wa yule dada na saa ya ukutani: ulikanyaga mara 43 kwa nusu dakika. Hiyo ni 86 kwa dakika, na miguu yote miwili ni 172. Tukaisogeza saa juu ya mfupa wa kifundo cha mkono kwa upana wa vidole viwili, tukaikaza tundu moja. Ndani ya dakika moja ikashuka hadi 134.

Alikuwa ameishi na hofu miezi mitatu kwa sababu ya tundu moja la mkanda.

Mambo mengine yanayoiharibu namba nitayapitia haraka. Baridi: ukianza kukimbia Moshi au Arusha asubuhi ya baridi, vimishipa vya ngozi hujifunga na saa hukosa damu ya kutosha ya kuisoma, kwa hiyo pasha mwili kwanza. Kunyanyua vyuma, kushika usukani wa baiskeli au kupiga pushapu hukunja kifundo na kubana misuli, na mwanga huvurugika. Kuongeza kasi ghafla: moyo hupanda kwa sekunde chache, saa hufuata nyuma, hivyo wanaofanya mbio za vipande vifupi husoma habari iliyopita. Wino wa tatuu huzuia mwanga. Apple wenyewe walilikiri hilo mwaka 2015. Piko nzito mkononi baada ya harusi nayo imewahi kutusumbua, na dawa yake ni kuhamishia saa mkono wa pili.

Kuhusu weusi wa ngozi, naulizwa kila wiki. Ni kweli kwamba rangi ya ngozi hufyonza mwanga wa kijani, na hoja hiyo ina msingi. Lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke uliochapishwa mwaka 2020, uliopima watu 53 wa rangi mbalimbali za ngozi, haukukuta tofauti ya maana kati ya rangi na rangi. Ulichokuta ni kwamba wakati wa shughuli kosa la saa lilikuwa kubwa kwa wastani wa asilimia 30 kuliko wakati wa kupumzika. Kutikisika ndiko kulikoharibu zaidi. Basi kabla ya kuilaumu ngozi yako, kaza mkanda.

Anayehitaji namba ya kuaminika akiwa mbioni avae mkanda wa kifuani. Ule husoma umeme wa moyo wenyewe, na si teknolojia mpya: kampuni ya Polar ya Finland iliuza wa kwanza usiotumia waya mwaka 1982. Madaktari wa Cleveland Clinic walipolinganisha vifaa kwa watu wazima 50 na kuchapisha matokeo mwaka 2017, mkanda wa kifua ulilingana na ECG kwa kiwango cha 0.99 (1 ni kulingana kabisa), ilhali za mkononi zilikuwa kati ya 0.83 na 0.91. Lowesha sehemu za kupokelea umeme kwa maji kabla ya kuuvaa, la sivyo nao utasema uongo dakika za mwanzo hadi jasho litoke. Kalori zinazoonyeshwa na saa zina hali mbaya zaidi. Chuo Kikuu cha Stanford mwaka huohuo kilipima vifaa 7, na kilichokaribia zaidi kwenye kalori kilikosea kwa asilimia 27. Tafadhali msipange mlo kwa namba hiyo.

Kisha kuna lile suala la "220 toa umri", hesabu ya kukisia kilele cha mapigo ya mtu. Nimechoka nalo na nitasema wazi. Fomula hiyo ya tangu mwaka 1971 inatoa wastani wa kundi la watu. Watu wawili wenye miaka 40 wanaweza kutofautiana kwa mapigo 20 au zaidi kwenye kilele chao, na wote wawili wakawa wazima. Saa yako inaitumia fomula hiyo, au nyingine ya aina yake, kukuchorea rangi nyekundu. Sasa chukua namba ya mapigo yenye kosa, ilinganishe na kilele chenye kosa, halafu uje dirishani useme "Dokta, nimevuka kiwango". Kiwango gani? Ongeza na joto la Dar es Salaam: mtu akikimbia saa nzima kwenye jua na unyevu, mapigo hupanda taratibu hata kama kasi haijabadilika, kwa sababu mwili unapeleka damu kwenye ngozi ili upoe na maji yanapungua. Hapo saa inaweza kuwa inasema kweli kabisa, na bado si ugonjwa. Punguza mwendo, kunywa maji.

Kinachoninyima usingizi si saa inayotisha bure. Ni inayotuliza bure. Tumewahi kumpokea mzee aliyepanda ngazi akahisi kifua kimebanwa, jasho jembamba likamtoka, mkono wa kushoto ukawa mzito. Akaangalia saa: 96. Akaendelea kupanda. Alipofika kwetu, ECG ilionyesha wazi kwamba misuli ya moyo imekosa damu. Mapigo yake huenda yalikuwa 96 kweli; mshipa wa moyo ukiziba si lazima mapigo yapande. Ndugu zangu, kifua kubana, kizunguzungu, kutaka kuzimia, au kuishiwa pumzi kwa kazi ambayo jana uliifanya bila shida, hayo hayasubiri ruhusa ya saa. Simama. Nenda hospitali ya karibu, mapokezi ya dharura, usije kwenye dirisha la miadi.

Wanaotumia atenolol, bisoprolol, carvedilol au propranolol wasikilize kwa makini. Dawa hizi huzuia mapigo kupanda. Ndiyo kazi yake. Saa itakuambia hujitumi na kukuhimiza uongeze kasi. Usiitii, na usiruke dozi siku ya mbio ili namba "ipendeze". Kuziacha ghafla kunaweza kuleta maumivu ya kifua na hata shambulio la moyo. Kipimo chako kiwe ni mazungumzo: ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mahali pazuri.

Namba ikikutia shaka, simama na uhesabu mwenyewe papo hapo. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa kidole gumba chini ya kiganja. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Hesabu kwa makini, kwani pigo moja ukilikosa ni tofauti ya mapigo 4. Na usichelewe, maana mapigo hushuka upesi ukishasimama. Zile saa zenye ECG ya kuwekea kidole kwa sekunde 30 ni za kutumia ukiwa umetulia kitako, mkono umeegemea meza. Ukiichukua huku unahema na mkono unacheza, utatuletea mistari isiyosomeka.

Kuhusu saa zinazouzwa mitaani kwa maelezo kwamba zinapima sukari bila kutoboa ngozi: Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari kwa namna hiyo. Kwa hapa nchini, kifaa kinachouzwa kwa madai ya kupima au kutambua ugonjwa ni kifaa tiba, na kinasimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219. Kinapaswa kusajiliwa kabla ya kuingia sokoni, na anayekiuza bila kufuata sheria anakabiliwa na kukamatwa kwa mzigo, kuharibiwa kwa mzigo huo, na kufikishwa mahakamani. Ukiuziwa, tunza risiti, boksi na karatasi ya maelezo, kwa sababu lalamiko bila vitu hivyo ni gumu kulifuatilia. Vilevile, waandaaji wa mbio wakidai cheti cha afya, picha ya skrini ya saa si cheti, na hatutaigongea muhuri. Atakayetengeneza cheti cha kughushi ajue kwamba Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaweka kifungo cha hadi miaka 7 kwa kughushi nyaraka.

Wanaohitaji kweli kipimo cha moyo kwa mazoezi, utaratibu ni huu. Pata barua ya rufaa kwa daktari wako. Bila hiyo mapokezi yatakurudisha. Fungua faili, chukua tarehe. Siku hiyo usile kwa muda wa saa tatu kabla ya kipimo, na usinywe kahawa, chai ya rangi, kola wala vinywaji vya kuongeza nguvu tangu jana yake, pamoja na vile vinavyoandikwa "havina kafeini". Usipake mafuta wala losheni kifuani, kwani vibandiko havitashika. Wanaume wenye nywele kifuani tutawanyoa sehemu ndogo. Vaa raba, kandambili haziruhusiwi kwenye mashine na hakuna za kuazima. Dawa usiache mpaka daktari aliyekuandikia aseme, na uje nazo zikiwa kwenye pakiti zake. Utasaini fomu ya ridhaa, na asiyesaini hapimwi. Mashine huanza na kilomita 2.7 kwa saa ikiwa na mwinuko wa asilimia 10, kisha kila dakika 3 kasi na mwinuko huongezeka, na unaweza kuomba tusimamishe wakati wowote. Ukichelewa zaidi ya dakika 20, nafasi yako anapewa mwingine na unapangiwa tarehe mpya.

Saa yako njoo nayo, ikiwa na chaji. Tutakufungia mkononi wakati ECG inaandika, na utaondoka na karatasi yenye safu mbili, ya moyo wako na ya saa yako, dakika kwa dakika.