Usiongeze Upepo, Ongeza Udongo

Kila mtoto mgeni klabuni kwetu, roketi yake ikianguka vibaya, huomba kitu kilekile: "Anko, tuongeze upepo." Roketi imepanda meta chache, imejipindua hewani, imejibamiza mchangani, na yeye keshaushika mpini wa pampu. Namwambia aiache pampu, alete udongo.

Mimi ni fundi mitambo, siku za kazi nashinda kwenye pampu na mabomba ya maji. Jumamosi asubuhi nakuwa na watoto wa darasa la nne mpaka la saba kwenye uwanja wa mpira huku Temeke, tunarusha roketi za chupa. Hatutumii injini za baruti kama wanazotumia watoto wa Marekani, zile zinazopangwa kwa herufi A, B, C, kila herufi ikiruhusu nguvu mara mbili ya iliyotangulia. Baruti ni kitu cha vibali, na mzazi aliyekukabidhi mwanawe hakukukabidhi umchezeshe na moto. Mtu asijaribu pia kutengeneza ya kwake nyumbani kwa vichwa vya viberiti. Watu wamepoteza vidole na macho kwa mchezo huo. Yetu inasukumwa na maji na upepo wa pampu ya baiskeli. Kanuni inayoipandisha ni ileile ya Newton: ukisukuma kitu kwenda chini, nacho kinakusukuma kwenda juu.

Chupa iwe ya soda ya lita moja na nusu, siyo ya maji ya kunywa. Ya soda imetengenezwa kuhimili gesi hata kreti likiachwa juani. Ya maji ni nyembamba na haifai kabisa. Kabla ya kuirusha, tunaijaza maji mpaka pomoni, tunaifunga kwenye kirushio, halafu tunaipampu mpaka geji isome 90, yaani paundi 90 kwa kila inchi ya mraba. Hapo chupa mbovu itapasuka, lakini kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, itachanika tu na kumwaga maji chini. Iliyopita jaribio hilo ndiyo tunairusha kwa 60, ambayo ni kama mara nne ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka.

Jaribio hilo nililianzisha baada ya kuponea chupuchupu. Mwanzoni nilibandika mapezi ya mkiani kwa supagluu. Ile gundi inakausha plastiki na kuifanya kavu kama ganda la yai. Chupa ilipasuka geji ikiwa 50, kipande kikapita karibu na sikio langu. Watoto walikuwa mbali, namshukuru Mungu. Tangu siku hiyo mapezi tunayafunga kwa selotepu pana, anayepampu anavaa miwani ya fundi, na kamba ya kufyatulia ina urefu wa meta 6.

Kirushio chenyewe ni bomba la plastiki la nusu inchi, linaingia shingoni mwa chupa kama vile lilipimiwa. Tunalivalisha oringi, kile kipete cha mpira, ili upepo usivuje, na kuizunguka shingo tunapanga vile vibana vya plastiki ambavyo mafundi umeme hufungia nyaya. Vichwa vya vibana vinaishika chupa, na kipande cha bomba kubwa kinavibana kwa nje. Ukivuta kamba, kipande kinashuka, vibana vinaachia, roketi inaondoka.

Maji tunaweka theluthi moja ya chupa. Watoto wanajaribu wenyewe: bila maji roketi inapiga "pu!" na kupanda kidogo, ikijaa nusu na zaidi inanyanyuka kwa uzito kama mtu aliyeshiba pilau. Kwa theluthi, maji yanatoka mdomoni yakikimbia karibu kilomita 100 kwa saa, na yote yanakwisha kabla hata sehemu ya kumi ya sekunde haijapita. Safari yote iliyobaki, roketi inakwenda kwa kasi iliyoipata pale chini tu, ikiwa chupa tupu. Ndiyo maana nasisitiza udongo.

Kile kitendo cha kufumba na kufumbua kikishapita, hakuna kinachoinyoosha roketi ila umbo lake na uzito wake. Chukua mshale: chuma kiko mbele, manyoya nyuma. Ukiurusha umekaa kombo, hewa inayasukuma manyoya, mkia unarudi mahali pake. Roketi nayo ina sehemu mbili za kuangalia. Ya kwanza ni kitovu cha uzito, pale inapotulia ukiilaza juu ya kidole. Ya pili ni pale hewa inapoiegemea. Hii ya pili tunaipata kwa boksi: mtoto analaza roketi juu ya boksi, anaichora ubavu pamoja na mapezi, anaukata ule mchoro, kisha anausawazisha juu ya kidole. Kitovu cha uzito kitangulie mbele ya alama hiyo angalau kwa upana wa chupa, yaani sentimeta 9 hivi. Vikikaribiana, roketi inayumba. Vikipishana kinyume, inajipindua. Ukiipa upepo zaidi katika hali hiyo, inajipindua kwa kasi zaidi, basi.

Binti mmoja wa darasa la sita alikuja na roketi nzuri kuliko zote, mapezi manne aliyoyakata kwenye ndoo mbovu ya bluu, kingo zimepigwa msasa zikalainika. Pua alitengeneza kwa kichwa cha chupa nyingine, juu yake kipande cha godoro ili isimuumize mtu ikianguka. Ndani ya pua hakuna kitu, na mrusho wake wa kwanza ulianguka. Tukaifunga uzi pale kwenye kitovu cha uzito, bila maji, akaanza kuizungusha juu ya kichwa chake kama kombeo. Ilizunguka ubavuubavu, mara mkia unatangulia. Akashusha mkono, akanitazama. Nikamsogezea kopo la udongo wa mfinyanzi na sikusema neno.

Akaweka kijiko kimoja, akakandamiza kwa kidole gumba, akasogeza uzi mbele, akazungusha. Bado. Cha pili, ikaanza kuelekea mbele lakini inatikisa mkia kama samaki. Cha tatu ikatulia: pua mbele, mapezi nyuma, uzi unavuma. Wenzake waliokuwa kwenye pampu walikuja kuangalia bila kuitwa.

Upepo wa nje nao una mambo yake. Msimu wa kusi tunarusha saa moja na nusu asubuhi, kabla bahari haijaamka. Watoto hudhani upepo ukitoka kusini, roketi itapeperushwa kaskazini. Ikiwa na mapezi, ikipanda inageuza pua kule upepo unakotoka, kwa sababu hewa inasukuma mkia. Ikishafungua mwavuli ndipo inaelea kuufuata upepo. Kwa hiyo watazamaji nawaweka pembeni, si upande unakotoka wala unakoelekea.

Mwavuli nasema kwa maana mbili. Kiswahili kinaita parashuti mwavuli, tuna hata askari wa miamvuli, na yetu inatoka kwenye mwavuli wa mvua kweli. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na sikuisikitikia, kwani ilikuwa ikigandana. Mwavuli mbovu una pande nane, pembe za kufungia nyuzi umeshazipata bila kupima.

Kimo tunakipima kwa kipimapembe chenye uzi na kokoto. Mpimaji anasimama meta 30 kutoka kirushioni, anaifuata roketi kwa jicho mpaka kileleni, anabana uzi, anasoma nyuzi za pembe. Ikiwa 45, kimo ni meta 30 juu ya jicho lake. Ikiwa nyingine, wanachora pembetatu kwenye karatasi ya miraba, sentimeta moja kwa meta 5, wanapima kwa rula. Kwa watoto hawa tanjenti itakuja yenyewe.

Wakati wa kukausha chupa huwasimulia habari moja ninayoipenda kuliko zote za roketi. Tarehe 12 Disemba 1970, kwenye jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ufuo huuhuu wa kwetu ukipanda kaskazini, iliondoka roketi ya Scout ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, na setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Pale ni karibu na ikweta, ambako dunia inazunguka kwa kasi kubwa zaidi, kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikirushwa kuelekea mashariki inaipata kasi hiyo bure.

Yule binti alirusha wa mwisho siku ile. Mpimaji alisoma nyuzi 52, binti akachora, akapata meta 38, akaongeza kimo cha jicho la mpimaji. Kwenye daftari aliandika mirusho yake miwili, ule ulioanguka na huu. Safu ya udongo ilisomeka 0, kisha 3. Safu ya upepo ilisomeka 60, kisha 60.