Ukipanua utafutaji wa bidhaa kwenye Odoo, mwache mzazi atangulie

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Dodoma, bidhaa moja ina majina mawili. Odoo, mfumo wa kompyuta wa kusimamia biashara, unasema "Nondo milimita 12", fundi anayetoka saiti ya Mtumba anataka "nondo ya nusu". Bati limeingizwa kwa jina la kiwandani, mteja anaulizia "msauzi". Muuzaji wa kaunta anaandika alichosikia, orodha inarudi tupu, na mteja anavuka barabara. Ndiyo maana wenye maduka wanaotumia Odoo huniomba sana kitu kimoja: mfumo utambue majina ya mtaani.

Kazi yenyewe si kubwa. Unaongeza sehemu ya jina la mtaani kwenye bidhaa, unarithi `product.product` (modeli ya bidhaa ndani ya Odoo), unapanua fanksheni yake ya kutafuta, `_name_search`. Nazungumzia toleo la 16. Tatizo ni kwamba waprogramu wengi hunakili fanksheni nzima ya mzazi, yaani ile ya asili ya Odoo wanayoirithi, na kuchomeka mstari wao katikati. Tafadhali usifanye hivyo kabla hujaelewa mzazi anafanya nini.

Mzazi hatafuti mara moja tu. Kwanza analinganisha neno zima na namba ya ndani ya bidhaa, mfano N12. Akikosa, na msimbopau. Akikosa vyote viwili ndipo anatafuta kipande cha neno, kwanza ndani ya namba, kisha ndani ya jina. Bado hola? Anaangalia kama kuna mabano ya mraba, kwa sababu Odoo huonyesha bidhaa kama "[N12] Nondo milimita 12" na watu hunakili hivyo hivyo. Mwisho kabisa, kama fomu ina msambazaji, anapekua namba na majina anayoyatumia msambazaji huyo.

Mpangilio huo una sababu. Skana ikisoma msimbopau, inatakiwa ije bidhaa moja, si orodha ya kuchagua. Na utafutaji wa namba umetenganishwa na wa jina makusudi: walioandika wameacha maelezo ndani ya faili kwamba kuviunganisha kwa "au" kungeilemea hifadhidata yenye maelfu ya bidhaa. Ukinakili na kuchomeka "au" yako, umeirudisha shida waliyokwisha kuitatua.

Kwa hiyo mimi humwita mzazi kwanza kwa `super()`, amri ya Python inayoendesha fanksheni ya asili. Swali gumu ni la baada ya hapo: nitafute jina la mtaani pale tu mzazi anapokosa kabisa? Inaonekana salama, lakini haitoshi. Duka likiwa na "Misumari ya msauzi", mzazi atairudisha hiyo misumari na bati lenyewe halitaonekana kamwe. Napendelea hivi: neno likilingana sawasawa na namba au msimbopau, narudisha jibu la mzazi peke yake. Vinginevyo najaza nafasi zilizobaki hadi kikomo kilichoombwa, nikiziondoa bidhaa ambazo mzazi amekwisha zipata. Majibu yake yanabaki juu. Neno likiwa tupu, au utafutaji ukiwa wa kukanusha (bidhaa zisizo na neno hilo), siongezi chochote.

Masharti yanayokuja na ombi ni lazima yaambatane na utafutaji wako pia. Fomu ya mauzo hudai bidhaa iwe ya kuuzwa. Ukilisahau sharti hilo, mafuta ya jenereta la ofisi yatajitokeza kwenye oda ya mteja. Hili ndilo naliona limesahaulika zaidi ninapokagua moduli za wengine, na madhara yake hayaonekani siku ya majaribio.

Kuhusu kasi: kutafuta kipande kilicho katikati ya neno hakunufaiki na faharasa ya kawaida ya PostgreSQL, hifadhidata inayotumiwa na Odoo. Weka `index='trigram'`, faharasa ya vipande vya herufi tatu tatu, kwenye sehemu yako mpya, na hakikisha nyongeza ya `pg_trgm` imewashwa kwenye hifadhidata. Duka dogo halitaona tofauti, ila mwenye vipuri maelfu ataiona.

Umbo la fanksheni hii hubadilika toleo hadi toleo, basi ukihama fungua `product_product.py` la toleo jipya uisome upya. Aliyemwita mzazi hurekebisha mistari michache. Aliyenakili hubaki na mantiki ya zamani bila kujua. Kisha jaribu kwenye mauzo, manunuzi na ghala, kwa kuwa baadhi ya fomu hutafuta kwenye `product.template` (modeli ya kiolezo cha bidhaa), ambayo ina utafutaji wake.