Je, walimu hupinga kufungwa kwa shule kwa sababu ya mishahara tu?

Wengi huamini kuwa mwalimu anayepinga shule ya umma kufungwa anatetea mshahara wake tu. Mshahara umo, hakuna haja ya kuficha. Lakini tazama Chicago, Marekani: mwaka 2012 walimu waligoma siku 7 za masomo, wakidai pia wauguzi wa shule na masomo ya sanaa na muziki. Mwaka uliofuata zilifungwa shule zipatazo 50, kwa hoja kwamba zina wanafunzi wachache.

Ukitaka kuhakiki, soma orodha ya madai yenyewe, si kichwa cha habari. Kisha uliza uchache huo ulipimwaje. Kule kipimo kilikuwa watoto 30 kwa darasa. Chumba cha wenye mahitaji maalumu, ambacho lazima kiwe na wachache, kikaonekana kitupu.