Kipimo kimetoka chanya, ndo naumwa tayari?

Swali: Kipimo kinanasa wagonjwa 90 kati ya 100 na mimi nimetoka chanya, si ina maana naumwa kwa asilimia 90?

Jibu: Hapana, na hapa ndo watu wengi wanaumia roho bure. Hiyo 90 inahusu watu ambao tayari ni wagonjwa. Chukua watu 1000 wasio na dalili, tuseme wagonjwa ni 10, kipimo kinanasa 9, halafu wazima 990, na kipimo hichohicho tuseme kinakosea wazima 5 kati ya 100, yaani karibu watu 50 wazima kabisa nao wanaambiwa chanya. Jumla 59, wagonjwa kweli 9, kama asilimia 15 tu!

Swali: Na kama nilienda na dalili?

Jibu: Hesabu inageuka. Kama daktari kabla ya kupima alikuona nusu kwa nusu, yaani asilimia 50 kwamba unaumwa, majibu yaleyale yanakupeleka kwenye asilimia 95 hivi. Kipimo hakijabadilika, ulipoanzia ndo kumebadilika. Njia hii ya kuanza na makadirio kisha kuyarekebisha kwa majibu inatokana na mchungaji Mwingereza Thomas Bayes, andiko lake lilitoka 1763 akiwa ameshafariki.

Swali: Sasa hiyo nusu kwa nusu si daktari anakisia tu?

Jibu: Anakadiria, ndiyo, kwa anachokijua juu yako, na mi naona ni bora aitaje kwa namba kuliko kukwambia "inawezekana" halafu kila mtu aelewe lake. Mwanahisabati Bruno de Finetti wa Italia alitetea hivyohivyo, kwamba uwezekano ni kiasi mtu anachoamini. Ila asianzie sifuri, maana ukianzia sifuri hakuna kipimo kitakachokusogeza.

Swali: Kwa hiyo nisubiri mpaka niwe na uhakika?

Jibu: Inategemea kukosea kutakugharimu nini. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria ikishukiwa dawa huwa haingoji uhakika, kuchelewa kunaua. Lakini kama tiba ni upasuaji na we uko kwenye ile 15, omba kipimo kingine kwanza, kikiwa na ubora uleule na kikatoka chanya unafika kama 76, kikitoka hasi unashuka mpaka 2 hivi. Kiwe cha aina tofauti lakini, kwa sababu kama kilichokidanganya cha kwanza kitakidanganya na cha pili, hizo namba hazisimami tena.