Stoma imeshafungwa, mbona ngiri hutokea palepale?

Mgonjwa wa saratani ya rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, akishakatwa uvimbe, ncha mbili za utumbo zilizobaki huunganishwa. Kiungo hicho kipya kiko chini kabisa ndani ya nyonga, na kikivuja kabla hakijashika, maisha yake yamo hatarini. Ndiyo maana madaktari wengi huvuta kipande cha utumbo mwembamba hadi nje kupitia tundu tumboni, kinyesi kikawa kinatokea hapo na kuingia kwenye mfuko. Hiyo ni stoma ya muda. Baada ya miezi miwili mitatu, au zaidi kama bado kuna dawa za kemo, utumbo hurudishwa ndani na tundu hushonwa.

Wengi hapo hushusha pumzi. Kumbe ukuta wa tumbo bado una udhaifu wake. Kinachozuia matumbo yasitokeze si ngozi wala mafuta. Ni misuli pamoja na utando mgumu unaoifunika. Utando huo ukishatobolewa huungana kwa kovu, na kovu, hata likomae vipi, halifikii nguvu ya utando wa awali. Kila ukikohoa, ukijikamua chooni au ukiinua mzigo, tumbo husukuma kutoka ndani, na panapoachia kwanza ni pale palipo dhaifu. Utumbo ukitokeza hapo chini ya ngozi, hiyo ndiyo ngiri.

Tena tundu la stoma si jeraha la kawaida. Kwa miezi kadhaa limepitisha kinyesi, kwa hiyo vijidudu havikosekani, na jeraha likiota usaha nyuzi hulegea. Wengine tundu lao lilikwisha kutanuka wakiwa bado na mfuko. Unene, sigara, kisukari na kikohozi sugu huongeza hatari.

Je, ni wengi wanaopata? Jaribio lililofanyika Uingereza, Denmark na Uholanzi, matokeo yake yakatolewa mwaka 2020, lilifuatilia watu wapatao 790 waliofungwa stoma. Baada ya miaka miwili, walioshonwa kwa njia ya kawaida walipata ngiri 20 katika kila 100. Kwa waliowekewa wavu wa kibiolojia chini ya mshono, waliopata ngiri walikuwa 12 katika kila 100. Wavu huo ulitengenezwa kwa ngozi ya nguruwe iliyosafishwa, jambo ambalo kwangu mgonjwa anastahili kuambiwa kabla hajalala kwenye meza ya upasuaji.

Ngiri nyingi za hapo huanza kama kivimbe laini kinachojitokeza ukisimama na kupotea ukilala. Hicho mwoneshe daktari, atapima kama kinahitaji kushonwa au kuangaliwa tu. Kikiwa kigumu, kinauma, hakirudi ndani, huku unatapika au hutoi hata upepo, huenda utumbo umebanwa na damu haiufikii. Hapo usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Nenda hospitali saa hiyohiyo.